Sentimita Moja ya Merlene Ottey

Julai 1976, katika wilaya ya Hanover, pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Jamaika, msichana wa miaka 16 alitega sikio redioni. Huko Montreal, Don Quarrie, mwana wa Kingston, alikuwa anakimbia fainali ya mita 200 ya Olimpiki. Akashinda. Siku mbili nyuma alikuwa ameshachukua fedha ya mita 100, akitanguliwa na Hasely Crawford wa Trinidad. Msichana yule, Merlene Ottey, alikuwa tayari mkimbiaji wa shule, na mara nyingi alishindana pekupeku. Matangazo yale ndiyo yaliyomtia nia ya kwenda mbali zaidi ya viwanja vya kwao.

Kwetu Afrika Mashariki, Montreal inakumbukwa kwa mbio ambazo hazikukimbiwa. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, hakuwepo. Tanzania, Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Jamaika ilibaki, na redio ya Hanover ikapata cha kutangaza.

Kisiwa kile kilikuwa na kisa chake cha zamani na kamera ya mstarini. Mwaka 1952, katika Uwanja wa Olimpiki wa Helsinki, Herb McKenley wa Jamaika na Lindy Remigino wa Marekani walimaliza mita 100 bega kwa bega. Saa ziliwapa wote wawili sekunde 10.4. Picha ikaletwa, ikatazamwa, na dhahabu akapewa Remigino. McKenley aliondoka na fedha, akapata fedha nyingine katika mita 400, na dhahabu yake ya pekee ikaja katika kupokezana vijiti, akiwa na Arthur Wint, Leslie Laing na George Rhoden. Aliporudi nyumbani akawa kocha wa vijana. Hivyo ndivyo Jamaika ilivyojenga mbio zake: mshindi anarudi shuleni, anafundisha watoto, na watoto wanashindana kila mwaka mbele ya umati ambao mataifa makubwa hayaupati hata katika mashindano yao ya taifa. Mashindano ya sekondari ya wavulana yalianza mwaka 1910, na wasichana nao wakawa na yao. Ottey alipita katika shule ya Rusea's, kisha Vere Technical huko Clarendon, shule iliyosifika kwa wasichana wenye mbio. Mwaka 1979 alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Nebraska.

Nebraska ni nchi tambarare katikati ya Marekani, na baridi yake huwafungia wanariadha ukumbini kwa miezi. Njia ya mbio za ukumbini ina mita 200 tu kuizunguka, kona zake ni kali na zimeinuliwa upande mmoja kama barabara ya mlimani. Mwenye miguu mirefu huteseka mle. Ottey alikuwa na miguu mirefu, na badala ya kuteseka alijifunza kuzipanda kona zile. Sina shaka kwamba baridi ya Nebraska ndiyo iliyomtengenezea mita 200 zake, mbio ambazo nusu yake ni kona.

Mwaka uliofuata alikwenda Moscow kwa Olimpiki. Safari hii Marekani ndiyo iliyosusia, na Kenya pia, lakini Tanzania ilikwenda, na Jamaika ikaenda. Katika michezo ile ile ambayo Bayi alichukua fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000, msichana wa miaka 20 kutoka Hanover alifika wa tatu katika mita 200. Dhahabu ilikwenda kwa Bärbel Wöckel wa Ujerumani Mashariki na fedha kwa Natalya Bochina wa Muungano wa Kisovieti. Bochina alitumia sekunde 22.19, Ottey 22.20. Kabla ya siku hiyo hakuna mwanamke wa visiwa vya Karibi vinavyozungumza Kiingereza aliyewahi kupata medali ya Olimpiki. Ottey alifungua mlango huo, na siku hiyo hiyo akaanza kulipa gharama zake: tofauti yake na fedha ilikuwa mia moja ya sekunde.

Mtu akizifuata mbio zake tangu hapo, ataona tofauti za namna hiyo zikimwandama mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1982 alishinda mita 200 za Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, michezo ambayo Juma Ikangaa naye alimkimbiza Robert de Castella hadi mwisho wa marathoni. Mwaka 1983, Mashindano ya Dunia ya Riadha yalipofanyika kwa mara ya kwanza, Helsinki, katika uwanja ule ule wa McKenley, alipata fedha ya mita 200 nyuma ya Marita Koch kwa sekunde 22.19 dhidi ya 22.13. Los Angeles 1984 alipata shaba mbili. Roma 1987, shaba mbili tena. Seoul 1988 alikimbia mita 200 kwa sekunde 21.99, kasi ambayo miaka mingine ingempa dhahabu, na akawa wa nne. Magazeti yakaanza kumwita Malkia wa Shaba.

Jina hilo sijalipenda kamwe. Anayelitamka hudhani analitaja tatizo la mkimbiaji, kumbe analitaja tatizo la zama. Ottey alikimbia dhidi ya wanawake wa Ujerumani Mashariki wakati dola lao likiendesha mpango wa siri wa kuwapa wanariadha dawa. Nyaraka zilizofunguliwa baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka zilionyesha kwamba baadhi yao walianza wakiwa wasichana wadogo, bila kuambiwa wanameza nini. Tokyo 1991 alishindwa katika mita 100 na 200 na Katrin Krabbe wa Ujerumani, akiwa amefika pale baada ya msururu mrefu wa ushindi. Mwaka uliofuata Krabbe alikutwa na klenbuterol, akafungiwa. Sisemi kwamba kila aliyemtangulia Ottey alikula dawa. Wengi walikuwa wakimbiaji safi waliokuwa na siku njema. Ninachosema ni kwamba msimamo wa mshindi wa tatu kwenye jukwaa la miaka ile haumwelezi vema mtu aliyesimama pale.

Tokyo hiyo hiyo ilimpa dhahabu yake ya kwanza ya dunia. Katika mita 100 mara nne, Dahlia Duhaney, Juliet Cuthbert na Beverly McDonald walikileta kijiti, Ottey akakimalizia, saa ikasimama kwenye 41.94. Muda mfupi baadaye, Brussels, alikimbia mita 200 kwa sekunde 21.64. Ilikuwa kasi yake bora ya maisha, na ilimjia usiku usio na medali.

Barcelona 1992 ni mbio za kutazamwa taratibu, mara nyingi. Fainali ya mita 100 ya wanawake: Gail Devers 10.82, Juliet Cuthbert 10.83, Irina Privalova 10.84, Gwen Torrence 10.86, Merlene Ottey 10.88. Watu watano ndani ya sita kwa mia za sekunde. Ottey alikuwa wa tano, na ukiitandika kanga mstarini pale, watano wote wangeikanyaga. Katika mita 200 alipata shaba, ya nne ya Olimpiki kwake. Alikuwa na miaka 32, na waandishi walianza kuandika habari zake kama wanaoandika buriani.

Februari 1993, katika ukumbi wa Liévin nchini Ufaransa, alizizunguka kona zile alizozijua tangu Nebraska kwa sekunde 21.87. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshuka chini ya sekunde 22 ukumbini. Rekodi hiyo imevuka miaka 30 bila kuvunjwa.

Kisha ikaja Stuttgart, Agosti mwaka huo.

Gail Devers alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye mlipuko wa mwanzo kama wa mwanariadha wa kuruka viunzi, mbio ambazo pia alizishinda Stuttgart. Miaka miwili kabla yake maradhi ya tezi na tiba yake vilimharibu miguu kiasi kwamba madaktari walikaribia kuikata. Kwa hiyo asije mtu akasimulia mbio hizi kama kisa cha aliyestahili na asiyestahili. Bunduki ilipolia Devers alichomoka. Ottey hakuwahi kuwa mtu wa mwanzo. Mbio zake zilifunguka baada ya mita 50, mgongo umenyooka, magoti yakipanda juu, hatua ndefu zikilimeza pengo kidogo kidogo. Mita kumi za mwisho pengo halikuonekana tena. Wakavuka mstari wakiinamisha vifua.

Kamera ya mstarini haipigi picha kama kamera ya harusi. Inautazama mstari wa kumalizia peke yake, ukanda mwembamba mno, na inaupiga tena na tena, kisha inavipanga vipande vile kimoja baada ya kingine mpaka vinakuwa picha moja. Kwenye picha hiyo kwenda kushoto au kulia si nafasi tena, ni wakati. Kanuni inataka kiwiliwili: kichwa hakihesabiwi, mkono hauhesabiwi, mguu hauhesabiwi. Msomaji wa picha huteremsha uzi hadi ugusane na kifua cha mkimbiaji, na kusoma wakati wake. Siku hiyo uzi ulisoma 10.82 kwa Devers na 10.82 kwa Ottey. Wakasogeza macho kwenye tarakimu ya tatu. Devers 10.811. Ottey 10.812.

Kwa kasi waliyokuwa nayo, elfu moja ya sekunde ni sentimita moja hivi, upana wa kidole kidogo cha mwanamke. Jopo liliamua dhahabu kwa kidole hicho. Ottey alipopanda jukwaani kupokea fedha, umati wa Wajerumani ulisimama ukampigia makofi ambayo hayakutaka kwisha, marefu kuliko aliyopigiwa mshindi. Kati ya picha zote za riadha za muongo ule, hiyo ndiyo ninayoirudia: uwanja mzima wa ugenini unajaribu kumrudishia mtu kwa viganja kile ambacho mashine imemnyima.

Siku chache baadaye alisimama tena kwenye njia yake kwa ajili ya mita 200. Aliitoka kona akiwa mbele, Torrence akamfuata kwenye ule mnyoosho akimkaribia kila hatua. Sekunde 21.98 kwa 22.00. Akiwa na miaka 33, kwenye fainali ya saba ya mbio za mtu mmoja mmoja tangu Mashindano ya Dunia yaanze ambayo ilimpa medali, Malkia wa Shaba alivishwa dhahabu iliyokuwa yake peke yake.

Gothenburg 1995 alipata dhahabu ya pili ya mita 200, safari hii kwa njia ambayo mkimbiaji yeyote angeichagua mwisho: Torrence alimtangulia mbali, lakini alikuwa amekanyaga ndani ya mstari wa njia yake kwenye kona, akaondolewa. Mwaka uliofuata, Atlanta, Devers na Ottey wakakutana tena katika mita 100. Wote wawili 10.94. Picha ikaletwa. Devers tena.

Ni vigumu kwa mtu asiyewahi kukimbia kuelewa maana ya kushindwa mara mbili na mtu yule yule, kwa picha, katika mbio mbili kubwa kuliko zote. McKenley alipigwa na kamera mara moja, na Jamaika ilisimulia kisa hicho kwa miaka 40. Katika mita 200 za Atlanta Ottey alishika fedha nyuma ya Marie-José Pérec wa Ufaransa, akimtangulia Mary Onyali wa Nigeria, na alipata shaba ya kupokezana vijiti. Mwenzake wa Jamaika, Deon Hemmings, alishinda mita 400 kuruka viunzi na kuwa mwanamke wa kwanza wa kisiwa kile kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Dhahabu ile ilitua pembeni ya Ottey, karibu kabisa. Septemba hiyo, Milan, akiwa na miaka 36, alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.74. Hakuwahi kukimbia kasi hiyo alipokuwa kijana.

Mwaka 1997, Athens, bunduki ya kurudisha mbio za mita 100 ililia na yeye hakuisikia. Alikimbia zaidi ya nusu ya mbio peke yake, mbele ya dunia, kabla ya kugundua. Ilimbidi arudi kwa miguu, apange vidole upya kwenye mstari, na akimbie na mapafu yaliyokwisha kutumika. Alimaliza wa saba. Siku chache baadaye alirudi kwenye mita 200 na kuchukua shaba kwa 22.40, Zhanna Pintusevich wa Ukraini akiwa na 22.32 na Susanthika Jayasinghe wa Sri Lanka 22.39. Ilikuwa medali yake ya 14 ya Mashindano ya Dunia. Umri wake ulikuwa miaka 37, na shaba hiyo naihesabu juu ya dhahabu ya Gothenburg.

Sura iliyofuata haina raha kuisimulia. Julai 1999, baada ya mashindano ya Lucerne nchini Uswisi, sampuli yake ilionyesha nandrolone. Alijitoa katika Mashindano ya Dunia ya Seville, akisema tangu mwanzo kwamba hana hatia. Chama cha riadha cha nchi yake kilimsafisha, shirikisho la dunia likakataa, na mwaka 2000 usuluhishi ukamfutia adhabu, kabla ya Olimpiki ya Sydney. Alikimbilia kwenye mchujo wa Jamaika, akawa wa nne katika mita 100. Nafasi zilikuwa tatu.

Viongozi wakamweka yeye, na kumtoa kijana aliyeshinda mchujo wenyewe. Wanariadha wenzao wakaandamana katika kijiji cha Olimpiki Sydney, mbele ya kamera, wakimtaka mkongwe aondoke. Siwezi kuisimulia habari hii bila kumwonea huruma yule kijana, aliyefanya yote aliyotakiwa kufanya. Ottey alikimbia na uzito huo miguuni. Katika fainali Marion Jones wa Marekani alipotea mbele kwa 10.75; Ekaterini Thanou wa Ugiriki 11.12, Tayna Lawrence wa Jamaika 11.18, Ottey 11.19. Wa nne tena, kwa tofauti ya mia moja ya sekunde, ile ile ya Moscow miaka 20 nyuma. Kwenye kupokezana vijiti, Lawrence alianza, akamkabidhi msichana wa miaka 18 aitwaye Veronica Campbell, Campbell akampa McDonald, na McDonald akampa Ottey wa miaka 40. Bahama walishinda. Jamaika ikapata fedha.

Mwaka 2007 Marion Jones alikiri kwamba alitumia dawa, akavuliwa medali zake za Sydney. Desemba 2009 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua juu ya zile mita 100: dhahabu ikabaki bila mwenyewe, Lawrence akapandishwa hadi fedha, na shaba ikamwendea Ottey. Medali ya tisa ya Olimpiki, fedha tatu na shaba sita, ilimfikia akikaribia miaka 50, bila uwanja wala wimbo.

Lakini mwaka huo alikuwa bado anakimbia. Alikuwa amehamia Slovenia mwaka 1998, akafanya mazoezi na kocha Srdjan Djordjevič, na mwaka 2002 akapata uraia. Athens 2004, Olimpiki yake ya saba, alivaa rangi za Slovenia. Katika nusu fainali ya mita 200 msuli ulimsaliti akasimama. Fainali ya mbio hizo aliishinda Veronica Campbell, yule msichana wa Sydney, na hivyo mita 200 za Olimpiki zikapata kwa mara ya kwanza bingwa mwanamke wa Jamaika. Miaka minne baadaye, Beijing, Wajamaika watatu, Shelly-Ann Fraser mbele, walizichukua nafasi zote za juu za mita 100. Fraser alikuwa hajazaliwa wakati Ottey anachukua medali zake tatu za kwanza za Olimpiki.

Wajamaika wengi waliumia alipoondoka, na wengine walihisi wao ndio waliomfukuza. Sanamu yake iko katika uwanja wa taifa wa Kingston, karibu na ile ya Don Quarrie, ambaye sauti ya mbio zake ilimfikia redioni.

Mashindano ya Ulaya ya mwaka 2010 yalifanyika Barcelona, na Ottey wa miaka 50 akakimbia katika timu ya Slovenia ya mita 100 mara nne. Mwaka 2012 mashindano hayo yakahamia Helsinki. Slovenia ilimpa mkondo wa mwisho. Akaingia katika Uwanja wa Olimpiki, ule ambao picha ilimnyima McKenley mwaka 1952, ule ambao yeye mwenyewe alipata fedha mwaka 1983, akatembea hadi mwisho wa kona, akasimama kwenye njia yake akiwa na miaka 52, na wakimbiaji aliopanga nao mstari walikuwa na umri wa kuwa binti zake. Slovenia haikufika fainali. Alinyoosha mkono nyuma, akasubiri kijiti, akakimbia.